Kwa Nini Ndizi Huogopa Friji? Utando wa Seli Katika Baridi na Ukame

Hebu tuanze na jambo la jikoni. Tia ndizi mbivu na kichwa cha kabichi ndani ya friji, ufunge mlango, halafu uvitazame baada ya siku tatu. Kabichi utaikuta imekaa vile vile, ngumu na mbichi. Ndizi, maskini, ganda lake limekuwa jeusi tititi utadhani imebabuliwa motoni. Friji ni moja na baridi ni ile ile. Mbona basi mmoja aumie na mwenzake asijali?

Ukimwuliza mtu wa kawaida atakujibu, "Si imeoza tu!" La, haijaoza. Kuoza ni kazi ya bakteria na kuvu, nao hupunguza kasi kwenye baridi. Ndiyo maana binadamu akabuni friji. Ndizi ile imeumia kwa namna nyingine kabisa. Jeraha lake ni ndugu wa lile linaloyaua mahindi yetu hapa Matinyani mvua ya Novemba inapokatika ghafla. Najua wengine wetu darasani tukisikia habari za baridi na barafu hudhani ni mambo ya Ulaya, ya kukariri kwa ajili ya mtihani kisha kusahau. Subira kidogo.

Seli ya mmea ina mipaka miwili. Wa nje ni ukuta wa seli, ambao ni mgumu na umejengwa kwa selulosi. Ukuta huu ni kama ua wa miiba unaozunguka boma: humzuia ng'ombe, lakini upepo, vumbi na maji hupenya vipendavyo. Ndani ya ukuta ndimo ulimo utando wa seli, na huo ndio mlango wenye bawabu. Chumvi, sukari na madini haviingii wala kutoka ovyo bila ya ruhusa yake. Wembamba wake unastaajabisha. Ungechukua tando 100,000 ukazipanga moja juu ya nyingine, usingefikisha hata unene wa milimeta 1.

Utando huo umefanywa kwa nini? Kwa mafuta! Ni tabaka mbili za molekuli za mafuta, na kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyachukia. Vichwa hutazama nje kwenye maji, mikia hujificha katikati ikielekeana. Humo ndani ya mafuta mna protini nyingi, baadhi zikiwa milango, baadhi zikiwa pampu za kuvuta madini. Mwaka wa 1972 wanasayansi wawili wa Marekani, S. J. Singer na Garth Nicolson, walieleza kwamba utando haukukaa kigumu kama bati la nyumba, bali una umajimaji, na protini huelea ndani yake zikihama huku na kule, mithili ya viazi kwenye mchuzi mzito. (Mfano wa viazi ni wangu, si wao.) Umajimaji huo ndio uhai wenyewe. Mchuzi ukiganda, viazi havisogei, na milango na pampu hukwama.

Haya. Kitu kilichofanywa kwa mafuta kikipata baridi hufanyaje? Jibu liko bwenini. Asubuhi za Julai hapa kwetu joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 14, na kila mwenye chupa ya mafuta ya nazi ya kupaka nywele anaijua taabu yake: mafuta yameganda meupe kama mshumaa, uitikise chupa mpaka kengele ilie hayatoki. Wakati huo huo mafuta ya alizeti jikoni yanamiminika kama kawaida. Mafuta ya nazi huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi. Ya alizeti hubaki majimaji hata ndani ya friji.

Tofauti yake ni umbo la mikia. Fikiria mzigo wa kuni. Ukikata fito zilizonyooka, utazifunga zikabanana barabara, hata kisu hakipenyi. Lakini ukiokota matawi ya mgunga yaliyopinda huku na huku, hata ukaze kamba namna gani, mzigo utakuwa na nafasi tele. Sasa, mikia mingi ya mafuta ya nazi imenyooka kama fito. Baridi kidogo tu, imebanana, na kubanana huko ndiko kuganda. Mikia ya mafuta ya alizeti ina viungo maradufu kati ya kaboni na kaboni, na penye kiungo cha namna hiyo mkia hupinda. Mikia iliyopinda haibanani upesi. Mafuta ya nazi na ya alizeti ni ya akiba tu, hayamo katika utando, lakini sheria inayoyatawala ni hiyo hiyo.

Turudi kwa ndizi yetu. Mgomba ni mmea wa nchi za joto, na tando zake zimetengenezwa kwa ajili ya joto. Tunda lake huanza kuumia likikaa chini ya nyuzi 13 hivi, na friji ya nyumbani hukaa kwenye nyuzi 4. Humo sehemu za utando hugeuka ngumu ilhali nyingine bado ni majimaji, na mahali hizo mbili zinapokutana huanza kuvuja. Ndani ya seli za ganda mna mifuko yenye tanini na dawa nyingine za jamii hiyo, na kila mfuko umezungushiwa utando wake. Nje ya mfuko vimo vimeng'enya vinavyoweza kuzigeuza dawa hizo kuwa nyeusi. Maadamu utando ni mzima, hawa wawili hawakutani. Utando ukivuja tu, wamekutana, hewa ya oksijeni ikawasaidia, na ganda likawa jeusi. Weusi ule basi ni alama ya mipaka iliyobomoka.

Wazo kwamba chanzo cha jeraha la baridi ni utando kuganda lilielezwa kwa kirefu mwaka wa 1973 na mtaalamu mmoja aitwaye J. M. Lyons. Lilipingwa na kujadiliwa miaka mingi, maana wengine waliona kwamba utando wa mmea una mafuta ya aina nyingi mno kuweza kuganda wote mara moja. Halafu mwaka wa 1992 Norio Murata wa Japani na wenzake walifanya jambo la werevu. Walichukua mmea wa tumbaku wakautia jeni ya kimeng'enya kinachochagua mikia ya kuungwa kwenye mafuta ya kloroplasti. Tumbaku iliyotiwa jeni kutoka kwa mmea wa jamii ya maboga, ambayo huogopa baridi, ilipata mikia minyoofu zaidi nayo ikazidi kuogopa baridi. Iliyotiwa jeni kutoka kwa mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, ambao haujali baridi, ikawa shupavu zaidi. Mmea ni ule ule, mikia ndiyo iliyobadilishwa.

Sasa utasema, "Ndizi na tumbaku zanihusu nini mimi mtu wa Kitui?" Basi tuzungumze maembe. Kila msimu, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, maembe hutujaa mpaka yakaanguka na kuozea chini ya miti, na kila mkutano wa wakulima husikia shauri lile lile: vijengwe vyumba vya baridi. Shauri ni jema, lakini embe nalo ni mtoto wa joto. Embe bichi lililokomaa likihifadhiwa kwenye nyuzi 4 kana kwamba ni maziwa, litadidimia madoadoa, ganda litabadilika rangi, na halitaiva sawasawa. Ubaya zaidi ni kwamba likiwa bado ndani ya chumba huonekana zima. Aibu hutokea likishatolewa nje. Linalolifaa ni nyuzi 12 au 13 hivi. Mkulima asiyejua hayo atamlaumu mnunuzi, mnunuzi atamlaumu mkulima, na kumbe aliyewagombanisha ni kitufe cha friji.

Kabichi je? Kabichi ina asili ya pwani za Ulaya, na jamii yake hujua kujitayarisha. Wa kwanza kupata habari za baridi ni utando wenyewe. Unapoanza kukaza, milango fulani hufunguka na kalisi hukimbilia ndani ya seli kwa muda wa sekunde tu, kama mjumbe aliyetumwa na barua ya haraka. Jeni zilizokuwa zimelala huamka. Vimeng'enya maalumu huanza kuondoa haidrojeni kwenye mikia minyoofu ili ipinde, na seli hujaza sukari ndani yake. Kazi hii huchukua siku kadhaa, si dakika. Ndiyo maana mmea uliopoozwa pole pole hustahimili baridi ambayo ingemwua mwenziwe aliyeshtukizwa. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Wakulima wa Kinangop wanaelewa haya bila darasa: usiku mmoja wa jalidi, yaani umande ulioganda, unaweza kubabua viazi na maharagwe yote na kuiacha kabichi imesimama. Hata chai, ambayo hupenda ubaridi wa nyanda za juu, haiwezi jalidi. Mnamo Januari 2012 mashamba ya Kericho na Nandi yaligeuka rangi ya kahawia kwa sababu hiyo.

Nimetaja jalidi, na hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Tukae kidogo.

Yapata kilomita 150 kaskazini-magharibi mwa Matinyani umesimama Mlima Kenya. Juu kule, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000, kuna mimea ya ajabu: lobelia zilizo kama kabichi kubwa mno, na senesio zilizosimama kama watu waliovaa makoti. Mchana jua huzichoma. Usiku maji hugandana. Si kwa msimu, ni takriban kila siku ya mwaka. Lobelia moja huweka maji katikati ya majani yake kama bakuli. Maji ya juu huganda yakawa kifuniko, ya chini hayagandi, na chipukizi changa kimelala humo salama. Senesio hukunja majani yake usiku kufunika chipukizi, na majani yaliyokufa hayadondoki bali hubaki yameuvika mti shina lote. Hayo ndiyo makoti niliyoyasema.

Lakini majani yenyewe ya nje hayana pa kujificha. Katika miaka ya 1980 Mjerumani Erwin Beck na wenzake walichunguza majani hayo mlimani wakakuta kwamba usiku huganda kweli kweli, yakawa magumu, kisha asubuhi huyeyuka na kuendelea na usanisinuru kama ambaye hakuna kilichotokea. Wanapona vipi? Barafu haiingii ndani ya seli. Huanza katika nafasi zilizo kati ya seli na seli, na ikishaanza huyavuta maji ya seli yatoke nje yaje kuganda huko. Seli hunywea kama puto lililotoboka. Kilichobaki ndani ni maji machache yenye chumvi na sukari nyingi, ambayo ni vigumu kuganda.

Umeliona neno lenyewe, msomaji? Seli imenyang'anywa maji. Kwa seli, kugandishwa ni kukaushwa. Senesio ya Mlima Kenya saa kumi alfajiri na mtama wa Matinyani saa nane mchana mwezi wa Februari wana adha moja: maji yametoka, seli imenywea, na utando haujui ujiweke wapi.

Utando hauna mvuto kama mpira. Ukivutwa ukaongezeka eneo lake kwa asilimia 2 au 3 tu, hupasuka. Basi seli inaponywea, utando unaozidi hukunjamana. Katika mmea usiozoea, vipande vya utando hukatika vikaingia ndani kama vipovu, na huko havirudi tena. Kwa wakati ule seli inaonekana salama. Kisha barafu inayeyuka, maji yanarudi kwa fujo, seli inavimba kutaka kurudia ukubwa wake wa zamani, na nguo haitoshi tena. Pwaa! Imepasuka. Yaani kuna mimea isiyouawa na baridi yenyewe bali na joto la asubuhi lililokuja kuiokoa. Mimea iliyozoea haipotezi vipande vyake. Huvikunja kwa nje, ikavikunjua maji yanaporudi. Kwenye ukame mkali zaidi kuna hatari nyingine: tando zilizo ndani ya seli husogeleana mno, maji yaliyokuwa yakizitenganisha yakiwa hayapo, zikashikana na kuchanganyika, na mipaka ikapotea kabisa.

Mimea ya shambani kwetu ina njia tofauti za kuikwepa hatari hii, na si zote ni za ushujaa. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa na kituo cha utafiti cha Katumani karibu na Machakos katika miaka ya 1960, hukimbia. Hukomaa kwa miezi mitatu au minne, yakamaliza kazi kabla ya ukame kufika. Ukiyakuta hindi moja kwa moja na ukame katikati ya kuchanua, hayana ujanja mwingi. Kunde hufunga vinyweleo vya majani yake mapema na kubana maji. Mtama hujaza ndani ya seli zake sukari na molekuli nyingine ndogo ndogo ili maji yasitoke kwa urahisi. Mimi nampa mtama alama za juu, ingawa najua wengi wenu mtaendelea kupanda mahindi kwa sababu ya ugali mweupe.

Joto kali nalo lina shari yake. Kinyume cha baridi, hulegeza utando mno, ukawa mwepesi na kuvuja, na hapo mmea huhitaji mikia minyoofu zaidi, si iliyopinda. Kwa hiyo hakuna utando ulio bora kwa kila hali. Tena mikia iliyopinda ndiyo inayochacha upesi inaposhambuliwa na oksijeni kali, jinsi mafuta ya kupikia yaliyozeeka yanavyotoa harufu. Mmea hununua ustahimilivu wa baridi kwa bei hiyo.

Bingwa wa mabingwa hapandwi na mtu. Nenda kwenye majabali ya Ukambani wakati wa kiangazi, mahali ambapo udongo ni kiganja kimoja tu juu ya mwamba, utakuta mimea ya jenasi iitwayo Xerophyta. Majani yake yamekauka na kujikunja, ukiyasugua yanavunjika, na ungeapa kwamba ni kuni. Mvua ikinyesha, baada ya siku chache majani yale yale, si mapya, yanakuwa ya kijani kibichi. Mmea huu hupoteza karibu maji yake yote na haufi. Unapokauka hujijaza sukari, na molekuli za sukari huingia kati ya vichwa vya mafuta mahali maji yalipokuwa, zikavizuia visisongamane. Sukari ikiwa nyingi hugeuka mithili ya kioo ndani ya seli, kila kitu kikatulia mahali pake kusubiri mvua.

Ukiona hayo ni ya mbali, chota kunde za mbegu ghalani. Mbegu kavu nayo hutumia ujanja huo huo. Imekauka, iko hai, na utando wake umejipanga kikavu. Saa ya hatari ni ile maji yanapoingia mara ya kwanza. Kwa dakika chache utando unavuja, mpaka ujipange upya. Ganda la mbegu ndilo linalopunguza kasi ya maji. Mbegu yenye ganda lililopasuka huvuja sukari nyingi, na kuvu wa udongoni hualikwa karamu. Maji yakiwa baridi mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu mafuta yaliyokaza huchelewa kujipanga. Nyanya zetu huketi na ungo wakichagua mbegu moja moja, wakitupa kwenye chungu kila iliyopasuka, nasi vijana huwaona wanapoteza wakati. Wanachagua tando nzima, ingawa hawaziiti kwa jina hilo.

Anayetaka ushahidi wa macho afanye jaribio hili, halina gharama. Nunua bitiruti moja. Kata vipande vinne vilivyo sawa, uvioshe chini ya mfereji mpaka maji yaache kuwa mekundu. Kipande kimoja mwombe mwenye duka lenye friza akulazie usiku kucha. Kesho yake tia kimoja katika maji ya kawaida, cha pili katika maji ya moto ambayo hayajachemka, karibu nyuzi 70, cha tatu katika spiriti ya maabara, na kile cha friza katika maji ya kawaida. Ngoja nusu saa. Bilauri ya kwanza itabaki karibu nyeupe. Zile nyingine tatu zitakuwa nyekundu, maana rangi ya bitiruti hukaa katika mfuko ulio ndani ya seli na haiwezi kutoka ila tando zimevunjika. Kisha kibonyeze kile cha friza kwa kidole. Kimelegea kama kitambaa kilicholowa, na maji yake yanatiririka mkononi.